Baba wa Jukwaani na Tumbaku ya Kweli

Kama wiki jana mtu alifungia nyama gazeti hili kabla hujalisoma, usijali. Nitakukumbusha mbio mbio, halafu twende.

Mimi ni Lokuruka, mzaliwa wa Lowarengak. Wengi mnanijua kwa jina la Loku wa Ziwa, yule wa wimbo wa "Kofia Ngumu". Ndiyo, ule wa msichana wa Lokichar aliyeniacha akamfuata mwanamume wa mafuta aliyevaa kofia ngumu. Miaka ile hata mbuzi wa Lokichar waliujua.

Halafu siku moja arusini Lodwar flash yangu yenye wimbo, ile niliyokuwa nikiifuatisha kwa mdomo tu, ikakwama. Mdomo wangu uliendelea kuimba, na sauti ikabaki kwenye spika inarudia "kofia, kofia, kofia" kama kuku anayetafuta pa kutagia. Tangu hapo hakuna arusi iliyoniita.

Ndipo Nyaruach akanitafuta. Huyu ni mama wa Kinuer pale Kakuma, anaongoza mchezo wa kuigiza ambao watu wake hawasemi, wanaimba. Hakuna flash. Hakuna hata maikrofoni. Msichana wa Kiturkana anapendwa na kijana wa Kidinka, baba wa msichana anakataa, mwisho anakubali. Mimi nikajua bila kuambiwa kwamba huyo kijana ni mimi. Nikanunua rangi ya nywele.

Nikapewa baba.

Baba anayekataa mara tatu, na kila mara kwa wimbo. Wimbo wenyewe ni mahadhi ya "Kofia Ngumu", maneno ndiyo yamebadilishwa. Ubeti wa nne ndio wa kukubali. Watu wanalia, mchezo unaisha.

Niliwaacha nikiwa nimesimama mbele ya Kakuma nzima, siku ya kwanza ya mchezo, nazomewa, na Mayen, yule anayeigiza kijana wa Kidinka, amenyoosha mkono wenye kopo la tumbaku ya posa.

Sasa sikia nilichofanya.

Kuzomewa nilikuzoea. Nimezomewa Kitale, nimezomewa Juba. Lakini nilizomewa kwa kukosea. Kuzomewa kwa sababu umefanya kazi vizuri, hilo sikuwa nimefundishwa na mtu.

"Mam! Simtoi!" niliimba. Mam kwetu ni hapana. "Binti yangu haendi!"

"Uuuuu!" ukumbi mzima.

Mama mmoja wa Kidinka alisimama juu ya benchi. "Mzee mbaya! Roho yako kama kitunguu ya kuoza!"

Na Mturkana mmoja huko nyuma, sauti kama ya mnada: "Loku! Wewe uliachwa Lokichar, sasa unataka kila mtu aachwe?"

Hiyo iliingia. Mwimbaji anakula mapenzi ya watu kama wengine wanavyokula ugali, na hapo sahani yangu ilikuwa inaondolewa nikiangalia.

Mayen akapiga hatua, akaimba ubeti wake, akanisogezea kopo. Kwa mujibu wa mchezo, hapo natakiwa kulipiga kwa fimbo lidondoke. Siku zote za mazoezi kopo lilikuwa na mchanga. Lakini mjomba wake Mayen, yule Lueth mwenye duka, aliona ni aibu mtoto wao aende kuposa na mchanga, hata kama ni kwa kuigiza. Akatia tumbaku. Tumbaku ya kweli, ile nyeusi, kali, inayomwita mtu kwa jina.

Na Nyaruach alikuwa amenikataza tumbaku tangu asubuhi. Eti inaharibu koo.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa na fimbo. Wa kushoto haukuomba ruhusa.

Nilikuja kujitambua tumbaku iko ndani ya mdomo na watu wamepiga vigelegele. Kakuma iliruka. Wadinka wanaruka, Waturkana wanaruka, kina mama wa Kikongo huko pembeni wananipungia vitenge. Yale mapenzi yangu yote yakarudi kwa mara moja. Na mimi, mjinga wa watu, nikainua fimbo juu nikatangaza:

"Haya basi! Mchukue!"

Tulikuwa bado kwenye sehemu ya pili ya mchezo.

Watu walicheza, wakakumbatiana, wakaenda zao. Jua bado liko utosini. Nyuma ya pazia kulikuwa na waimbaji wamevaa ngozi na shanga hawajafungua mdomo.

Nyaruach alitoka polepole. Yeye ni mrefu, na akikasirika anaongezeka.

"Mzee Loku. Umekubali."

"Watu wamefurahi, mama."

"Wamefurahia nini? Ukame haujafika. Ugomvi haujatokea. Msichana hajatoroka. Wewe umeshaozesha!"

"Walinizomea."

"Ndiyo kazi yako! Nilikuchukua uzomewe!"

Nikaitikia kwa kichwa. Bado nilikuwa na tumbaku mdomoni.

"Ijumaa tuko Lodwar," akasema. "Wakubwa wa mchezo watakuja kutoka mbali. Ukisema ndiyo kabla ya wakati wake, hiyo nguo ya baba namvalisha mwingine, na wewe urudi kwa flash yako."

Nikaapa. Kwa ziwa, kwa mama yangu, kwa kofia ngumu yenyewe. Kwa umri wangu huu, huu mchezo ndio ulikuwa mlango wa mwisho kuwa wazi. Nikiupoteza, kilichobaki ni kuimbia ng'ombe wa wenyewe.

Nikalala nimetulia. Asubuhi nikabishiwa hodi.

Ni Lueth, na wazee wa Kidinka nyuma yake, wote warefu, wamevaa suti katika joto lile. Mlango wa chumba changu cha kupanga uliwatosha hadi kifuani.

"Salam taki, mkwe!" Lueth akasema, ameinama.

"Mkwe wa nani?"

"Wako. Tumbaku ulikula, ama?"

"Nilikula."

"Imeisha?"

"Imebaki kidogo."

"Kalas! Basi tuongee ng'ombe."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. "Mzee Lueth, ule ulikuwa mchezo."

"Mchezo ilikuwa mchanga," akasema, bila hata kutabasamu. "Tumbaku ilikuwa tumbaku. Mimi mwenyewe nilitoa dukani."

Kabla sijapata jibu, wakajipenyeza kati ya suti Mayen na Nangiro. Nangiro ndiye msichana anayeigiza binti yangu, Mturkana wa hapo hapo Kakuma, mwenye sauti inayoweza kuvunja glasi na macho ya kuomba radhi baadaye.

"Apa," akaniita, yaani baba. Kwa mchezo huniita hivyo kila siku. Leo aliita tofauti. "Mimi na Mayen tunapendana kweli."

"Tangu lini?"

"Tangu mazoezi ya kwanza," Mayen akadakia. "Si ati tunaact, buda. Ni ukweli tupu."

"Hongereni. Mimi nahusika wapi?"

"Wewe ni wa ukoo gani?" Nangiro akauliza.

Nikamtajia.

"Ndio wetu. Mbuzi wako na mbuzi wa baba yangu wana alama moja."

"Mimi sina mbuzi."

"Ungekuwa nao, wangekuwa na alama moja."

Hapo ndipo nilipoketi juu ya ndoo. Maana katika ukoo wetu, msichana hana baba mmoja. Mwanamume yeyote wa ukoo akipokea tumbaku ya posa mbele za watu, amefungua mlango wa maongezi. Baba mzazi anaweza kununa, anaweza hata kutafuta rungu, lakini mlango uko wazi. Na mdomo uliofungua ndio peke yake unaoweza kufunga.

Mdomo wangu. Mbele ya Kakuma nzima. Na simu zote zilikuwa juu zinanasa.

"Nangiro, mwanangu," nikasema, "mbona usimwambie baba yako mzazi?"

"Ameshaniahidi kwa mtu mwingine. Wa Lokichar."

Nikainuka kwenye ndoo. "Huyo wa Lokichar... anafanya kazi gani?"

"Kwa visima vya mafuta."

"Ana kofia ngumu?"

Nangiro akainamisha kichwa. "Anayo."

Jamani. Nimezunguka dunia hii, nimelala Juba kwenye magunia, nimesoma shule vipande vipande kwa kila aliyekubali kunipa daftari, na hakuna mahali niliambiwa kwamba ile kofia itarudi kunitafuta uzeeni. Nikamwambia mtoto yule, mbele ya suti zote zile, "Mdomo huu hautafunga mlango."

Maneno rahisi. Yalisemwa mbali na fimbo ya baba yake.

Ijumaa tukashuka Lodwar. Ukumbi ni wa mabati, joto lake ungeweza kuivishia chapati. Nilikuwa nje kivulini najipaka rangi ya nywele, maana hata baba anaweza kupendeza, nikasikia:

"Ejok."

"Ejok-nooi," nikaitikia salamu bila kugeuka.

"Wewe ndiye baba ya mtoto yangu?"

Nikageuka.

Alikuwa mzee wa kimo changu, mkavu, kijiti cha mswaki mdomoni, fimbo mkono mmoja na kigoda chake mkono wa pili. Lomuria, mfanyabiashara wa mbuzi. Baba mzazi wa Nangiro.

"Kwa mchezo tu, ndugu yangu," nikasema.

"Nimeona kwa simu. Unakula tumbaku ya watu kama mbuzi imeingia shamba."

"Nilipitiwa."

"Sikuja kupigana." Akaweka kigoda chini, akakalia. Hilo lilinitisha zaidi, maana anayetaka kupigana haketi. "Nangiro anaimba hii nyimbo yenu nyumbani kila siku. Nimesikia. Unasema Mam mara tatu. Si ndiyo?"

"Ndiyo. Mara tatu."

"Basi leo utasema mbele ya Lodwar. Mdomo ilifungua, mdomo itafunga. Ukimaliza ya tatu, mimi nasimama, nasema: watu wote mmesikia, mlango imefungwa. Halafu kijana ya Lokichar analeta ng'ombe."

Nikamtazama vizuri. Hakutaja ubeti wa nne.

Na angeujulia wapi? Nangiro hangethubutu kuimba ubeti wa kukubali ndani ya nyumba ya baba yake. Na Kakuma hatukuufikia, kwa sababu zangu mwenyewe. Mzee huyu alijua mchezo wetu wote isipokuwa mwisho.

"Na nisiposema?" nikauliza.

Akatoa mswaki mdomoni, akautazama, akaurudisha. "Sema tu."

Nikakimbia nyuma ya pazia.

"Mama Nyaruach, tupunguze ziwe mara mbili. Mbili zinatosha. Watu wana joto."

"Tatu."

"Kuna baba mzazi huko nje..."

"Mambo ya nyumbani yaache nyumbani. Jukwaani ni tatu, Mzee. Tatu."

Basi ndivyo nilivyoingia mbele za watu. Nikikataa mara tatu, Lomuria anatangaza kabla ya ubeti wa nne, na Nangiro anakwenda kwa kofia ngumu. Nikikubali kabla, mimi nakwenda kwa flash. Na katikati hapakuwa na njia hata ya mbuzi mwembamba.

Ukumbi ulijaa. Wakubwa wako mbele na chupa zao za maji. Lomuria alipewa kiti cha plastiki akakikataa, akaweka kigoda chake mbele kabisa, hatua chache kutoka miguu yangu. Lueth alikuwa huko nyuma, amesimama juu ya kiti, kana kwamba hakuwa mrefu vya kutosha.

Mara ya kwanza nikakataa.

"Mam! Simtoi!"

"Uuuuu!" Lodwar ikaitika.

Nikangoja ule uchungu wa Kakuma. Haukuja. Nilimwona mama mmoja amemshika Nangiro kwa macho kama aliyemzaa, ananitukana mimi kwa ajili yake, nikasema kumbe. Kumbe hiki ndicho alichokuwa anataka Nyaruach. Nikaongeza sauti.

Mara ya pili nikakataa vizuri zaidi. Ndala ikarushwa, ikanipita sikio. Nilifurahi kuliko siku nilipopigwa picha na diwani. Nyuma ya pazia Nyaruach aliinua kidole gumba. Sijawahi kuona kidole chake hicho kabla.

Mara ya tatu.

Mayen akaja na kopo. Harufu ikatangulia, Lueth hakukubali habari ya mchanga. Nangiro akasimama karibu yake. Hapo anatakiwa aimbe mstari mmoja, hakuimba.

"Apa," akasema tu, kwa sauti ndogo.

Lomuria akabana fimbo, akajiweka tayari kuinuka.

Nikafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka.

Ngoma zikangoja. Nikajaribu tena. Ni kama ile arusi, isipokuwa leo hakukuwa na mashine ya kusingizia. Nilikuwa nimekwama mimi mwenyewe, bila umeme.

Watu wakaanza kutazamana. Chupa moja ya maji ikaanguka, ukumbi wote ukaisikia ikibingirika.

Na kutoka chini, karibu na miguu yangu, sauti ikapasuka:

"Mam! Simtoi!"

Lomuria amesimama. Nadhani kimya kilimshinda. Sauti ile, ndugu zangu, si ya ukumbini. Ni ya mtu aliyemwimbia fahali wake nyikani tangu ujana, upepo ukiwa mbele. Bati zilitetemeka. Akapanda jukwaani anaimba, fimbo mkono wa kulia, kigoda amekiacha chini.

Lodwar ikalipuka. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

"Mwacheni!" nikamsikia Nyaruach nyuma ya pazia. "Msimguse, mwacheni!"

"Na mimi?" nikanong'ona.

"Wewe simama pale, uwe jirani."

Kazi yangu iliisha hivyo, bila hata barua. Nikasimama pale, nikawa jirani.

Lomuria alikwenda na ubeti ule wa tatu hadi mwisho, kila neno mahali pake. Kwa kweli aliimba kunizidi. Akamaliza, akapiga fimbo chini, akageukia watu ili aseme lile alilokuja kusema.

"Watu wote mmesi..."

"Uuuuuuu!"

Hakuwa amewahi kuzomewa. Niliona ikimpata. Alitazama huku, akatazama kule, kama mtu aliyekanyaga maji bila kujua kuna mto.

"Mzee wewe!" bibi mmoja akapaza sauti kutoka pembeni. "Mtoto analia, huoni? Umezaa jiwe?"

Akageuka. Nangiro alikuwa analia kweli. Si kule kulia tulikofundishwa, kwa kuinua uso ili watu waone. Alikuwa amejifunika uso kwa shanga zake.

Sasa, wapiga ngoma ni watu wa kazi. Wao hawajui habari za ukoo wala Lokichar. Wanajua baada ya ubeti wa tatu unakuja wa nne. Wakabadilisha mdundo.

Ule mdundo wa nne ni mtamu, nilisema mwenyewe siku tulipoutunga. Mguu wa Lomuria ukaufuata kabla yeye hajajua. Mahadhi anayajua, nani Turkana hii hayajui? Akavuta pumzi aingie, na akagundua hana maneno.

Ngoma zikazunguka mara ya kwanza. Akakosa.

Zikazunguka tena. Jasho linamtoka. Bibi yule naye ameinuka kumtazama.

Mzee akanigeukia mimi, jirani. Alinong'ona, lakini mnong'ono wa mtu yule ulifika hadi mlangoni.

"Wewe mwimbaji. Hapa mbele inasema nini?"

Nikawatazama. Mayen na kopo lake, bado amelinyoosha. Lueth juu ya kiti, amevua kofia. Nyaruach nyuma ya pazia ananiashiria jambo kwa mikono yote miwili, ama niseme ama ninyamaze, sikuweza kujua, maana rangi ya nywele ilikuwa imeyeyuka inaniingia machoni.

Maneno nilikuwa nayo, na aliyeulizwa ni mimi peke yangu. Nikimpa, atayaimba kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya Lodwar, na hakuna ukoo utakaoyarudisha.

Nikamsogelea nimpe la kukubali. Akaniinamishia sikio.

Fimbo ilikuwa mkono wake wa kulia. Na wa kushoto, naapa niliuona, ulikuwa umeshaanza kwenda upande wa tumbaku.

Nikafungua mdomo.